Hesabu ya Paa la Nyasi

Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, asanteni. Wengi hapa mmeshanisikia nikilisema kwenye mabaraza jambo hili la kuwapa maskini pesa taslimu bila masharti, na leo nalirudia kwa sababu bado halijaingia. Kila nikimaliza kuzungumza, kuna mtu hunifuata hadi mlangoni, ananishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Lakini, mwalimu, maskini ukimpa pesa mkononi si atazimaliza tu?"

Atazimaliza, ndiyo. Pesa ni za kutumia. Cha kuuliza ni amezimalizia wapi, na jibu katika nchi hii tunalo, hatukisii.

Kule Siaya, magharibi mwa Kenya yetu, kuanzia mwaka 2014 hadi 2017, zaidi ya familia 10,500 zilitumiwa shilingi 87,000 kila moja kwa simu. Zilikuja kwa awamu tatu: 7,000 za kufungua njia, kisha 40,000, kisha 40,000 nyingine. Haukuwa mkopo, na hapakuwa na sharti lolote la matumizi. Waliotoa ni GiveDirectly, shirika linalowapa maskini pesa mkononi, na wachumi wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na ambavyo havijapata, vikiwa vimetengwa kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo. Alama ya kutambua familia ya kusaidiwa ilikuwa moja, hata mtoto angeiona akiwa barabarani: nyumba imeezekwa kwa nyasi.

Hapo kwenye paa naomba tukae kidogo.

Majuzi katika mkutano mmoja bwana mmoja alisimama akasema kwa hasira: "Wamepewa pesa, badala ya kuanzisha biashara wananunua mabati! Hiyo ni kujionyesha." Nikamuuliza kama amewahi kulala chini ya paa la nyasi mwezi wa Aprili. Akakaa chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Paa la nyasi lina hesabu, na mwenye kuijua vizuri zaidi ni mama wa nyumba. Nyasi zinaoza. Zikioza, mvua inapenya, na ukitazama juu mchana unaona matundu kama nyota. Usiku wa mvua mama halali. Anaamka, anapapasa gizani mahali godoro lilipolowa, analisukuma hadi pembe iliyobaki kavu, anawakusanya watoto hapo kama vifaranga. Anaweka sufuria chini ya tone moja na karai chini ya lingine. Daftari za shule anazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuziweka ndani ya sanduku la nguo. Asubuhi mtoto anakwenda darasani hajalala, na mwalimu anamwita mzembe.

Kisha kuna kuezeka upya, na hili si la mara moja maishani. Kila baada ya muda mfupi lazima urudie. Zamani nyasi za kuezekea zilikuwa mbugani, unakata bure. Leo mashamba yamegawanywa hadi mpakani, malisho yamelimwa, kwa hiyo nyasi unazinunua kwa mafungu. Mchwa wamekula fito, unatafuta fito nyingine. Kamba unanunua. Lazima uwaite wanaume wa kupanda juu, na hao huwezi kuwapandisha na njaa, utawapikia. Kama wewe ni mjane, unabembeleza msimu mzima kabla hawajaja. Jumlisha hayo yote kwa miaka kumi, halafu uniambie ni nani asiyejua hesabu, huyo mama au bwana wa mkutanoni.

Mabati yakishapigiliwa, gharama hiyo imekufa. Na bado sijagusa maji. Paa la nyasi haliwezi kukupa maji ya kunywa, yanatoka na rangi ya chai. Paa la mabati ukilifungia mfereji, hata wa bati lililokunjwa kwa mkono, mvua moja nzuri inajaza pipa. Msichana aliyekuwa akienda mtoni mara tatu kabla ya shule sasa anaenda mara moja, au haendi kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia mabati si uwekezaji, mimi namwambia afungue daftari upya. Uwekezaji ni kitu kinachokupunguzia matumizi ya kesho na kukurudishia muda wako. Mabati yanafanya yote mawili, usiku na mchana.

Liko lingine lisiloingia kwenye takwimu. Mtoto anayeishi kwenye nyumba inayovuja hamkaribishi mwenzake wa shule nyumbani. Akiulizwa anakoishi, anaonyesha kwa kidole upande ule, mbali. Nyumba ikishapigwa mabati, siku ya kwanza kabisa utawaona watoto wamejaa uani.

Sasa, mwenye kusema "wapewe vitu, wasipewe pesa". Nitamjibu kwa jambo linaloniuma. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi na mradi mmoja, jina lake sitalitaja, uliogawa mbuzi wa maziwa. Mjane mmoja alipokea mbuzi wake, akashukuru sana. Wiki chache baadaye akamuuza kwa siri, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kwenye ripoti tukaandika kwamba ameshindwa kufuata mradi. Kalamu ilikuwa yangu. Yule mama alihitaji karo, sisi tukampa mbuzi, halafu tukamlaumu kwa kumgeuza mbuzi kuwa karo. Hasara ya bei ile ilikuwa juu yake, na sisi ndio tulioisababisha. Angepewa fedha zilizotumika kumnunua na kumsafirisha mbuzi yule, mtoto angerudi darasani siku iyo hiyo na labda chenji ingebaki.

Watasema pombe. Hili limechunguzwa hadi limechakaa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, na kwa jumla hawakuona matumizi ya pombe na sigara yakiongezeka kwa sababu ya pesa hizi. Walevi wapo, walikuwepo kabla ya pesa, na wapo pia kwenye mishahara mikubwa, ila huko hatusemi mishahara ifutwe.

Watasema uvivu. Kule Siaya waliopata, kwa jumla, hawakupunguza kazi. Watasema bei zitapanda sokoni. Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1. Kinyume chake, pesa ziliwafikia hata wasiopewa: fundi wa kupigilia mabati, mwenye kiosk, mwenye posho mill, mama wa mboga. Wachumi walikadiria kwamba kila shilingi iliyotolewa ilizaa kama shilingi mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, na familia ambazo hazikupata chochote nazo zikaanza kutumia zaidi. Ndiyo maana huwa nawaambia wafanyabiashara wa mjini kwamba hawana sababu ya kununa.

Kwenye kaunti ya Homa Bay nitasimama kidogo, maana wenzetu wanapenda kuitaja kwa kicheko, na mimi sioni la kuchekesha. Mwaka 2015 mpango huu wa GiveDirectly ulipofika huko, karibu nusu ya waliostahili walikataa pesa. Uvumi ulikuwa kwamba ni pesa za shetani. Mnajua uvumi ule ulipata wapi rutuba? Tumewazoesha watu maskini, mwaka baada ya mwaka, kwamba hakuna anayewapa kitu bila kuwaamrisha: hudhuria semina, panda mti huu, vaa fulana hii, piga picha. Siku mtu akija bila amri, wanaona lazima kuna mtego. Wale watu walikuwa wakitumia akili yao juu ya yale waliyokwisha kuyapitia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitakimbia.

Kuna swali la kila mwezi au kwa mkupuo. Serikali yetu kupitia Inua Jamii, mpango wake wa kuwasaidia wasiojiweza, huwapa wazee waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Utafiti uliofanyika Rarieda, huko huko Siaya, ulionyesha kwamba pesa za kila mwezi huenda zaidi kwenye chakula, na za mkupuo huenda zaidi kwenye vitu vya kudumu. Vyote vinahitajika, na visishindanishwe. Ila pesa za kila mwezi zikichelewa miezi mitatu si za kila mwezi tena, maana mzee ameshakopa dukani kwa kuzitegemea, na deni halingoji. Mengine ya serikali nilikuwa nimeyapanga, nayaacha.

Siwezi kushuka kabla ya hili la mwisho. Wachumi walirudi kwenye vijiji vile vya Siaya wakahesabu watoto, waliozaliwa na waliofariki, na mwaka 2025 wakatoa matokeo. Katika familia zilizopata pesa, vifo vya watoto wachanga wasiofikisha mwaka vilipungua kwa karibu nusu. Athari ilikuwa kubwa zaidi pale pesa zilipofika karibu na wakati wa kujifungua, na pale hospitali yenye daktari ilipokuwa karibu. Sababu hazikujificha. Kina mama zaidi walijifungulia hospitalini, maana nauli ilikuwepo na ya kulipa ilikuwepo. Na katika miezi ya mwisho ya ujauzito kina mama walipunguza kazi nzito.

Hebu mfikirieni huyo mama. Ana mimba ya miezi minane, jua la saa nne, na kawaida angekuwa ameinama kwenye shamba la mtu akilima kibarua, kwa sababu asipolima hawali jioni. Safari hii jembe limeegemezwa ukutani, na yeye ameketi kivulini, miguu ameinyoosha, akimenya mihogo ya nyumbani kwake.

Karibuni na maswali.