Mashine Moja ya Kusaga: Usimbaji Fiche Katika Programu za Nyuzi Nyingi
(Mhadhara kwa wanafunzi na wanaprogramu, Kisumu)

Habari za asubuhi. Mliotoka Maseno na Bondo najua mmedamka, na wa Kakamega mmedamka zaidi. Asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie maktaba za usimbaji fiche, yaani misimbo iliyoandikwa tayari ya kuficha na kuthibitisha ujumbe, ndani ya programu zenye nyuzi nyingi. Wengi wenu husema thredi. Leo nitasema nyuzi, na uzi mmoja ni kama mkono mmoja katika mikono mingi ambayo programu hufanyia kazi kwa wakati mmoja, yote ikichota kumbukumbu ileile.

Nianze na Jumapili.

Miaka kadhaa iliyopita niliandikia ushirika fulani programu ya seva ya kupokea malipo kutoka kwa mawakala. Kila ujumbe ulikuja na sahihi yake ya HMAC, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwa ujumbe na ufunguo wa siri. Seva iliikokotoa upya, ikalinganisha, ikakubali au ikakataa. Jumatatu hadi Jumamosi, shwari. Jumapili, soko la Kibuye likishajaa, simu zilianza kulia: ujumbe umekataliwa, sahihi si sahihi. Wakala akituma uleule mara ya pili, unapita. Tukalaumu mtandao. Tukalaumu simu za mawakala. Na wakati sisi tunalaumiana, mama aliyekuja kuchukua omena za kwenda kuuza alikuwa amesimama mbele ya kibanda, pesa zimetoka kwake na hazijafika kokote, gari la mizigo linamngoja. Hilo liliniuma kuliko lawama zote za mkutanoni.

Hatimaye nilichukua ujumbe mmoja uliokataliwa, nikaukokotolea sahihi peke yake mezani pangu. Ya wakala ilikuwa sawa kabisa. Iliyokosea ni seva yetu.

Kosa lilikuwa neno moja. Nilikuwa nimetengeneza kitu cha aina ya Mac, kile cha Java cha kukokotoa HMAC, nikakipa sifa ya static, yaani kimoja kwa programu nzima, nikidhani ninaokoa muda. Sasa tazameni kinachotokea ndani yake. SHA-256, kanuni ya kukokotoa iliyo ndani ya HMAC yetu, haisagi data baiti moja moja. Huzikusanya kwenye kapu la baiti 64, kapu likijaa inasaga, kisha inaanza kujaza tena. Ndani kuna namba inayokumbuka kapu limefika wapi. Uzi wa kwanza unasoma namba hiyo: 17. Kabla haujaibadilisha, uzi wa pili nao unasoma: 17. Wote wawili wanaandika kuanzia nafasi ya 17, mmoja juu ya mwingine. Sahihi inayotoka si ya ujumbe wa huyu wala wa yule.

Mnaijua mashine ya kusaga mtaani. Mama wa kwanza kamimina mahindi, hayajaisha kushuka, wa pili anamwaga wimbi juu yake. Mashine haina ubaya wowote, inasaga ilichopewa. Lakini kila mmoja atarudi nyumbani na unga ambao hakuuleta.

Na mbona Jumatatu mambo yalikuwa shwari? Kwa sababu Jumatatu wateja hufika mmoja mmoja. Majaribio yetu pia tuliyafanya kwa simu moja, mtu mmoja akibonyeza. Nilipoandika programu ndogo ya nyuzi nane zikikokotoa sahihi ya ujumbe uleule mara laki moja, majibu mabaya yalijitokeza hapohapo. Dawa ilikuwa kuhamisha mstari mmoja: kila ombi litengeneze Mac yake. Gharama yake ukilinganisha na muda wa ujumbe kusafiri kwenye mtandao haionekani. Kumbukeni hapa kwamba SecureRandom ya Java, ile ya kuzalisha namba za nasibu, imeahidi wazi kuwa nyuzi nyingi zinaweza kuitumia pamoja. Mac, Cipher, MessageDigest na Signature hazijatoa ahadi hiyo. Usipoiona ahadi imeandikwa, chukua kwamba haipo.

Tuje kwa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche ya wanaoandika C, maana wengi wenu mtaikuta hata pale ambapo hamkuichagua.

Kabla ya toleo la 1.1.0, lililotoka Agosti 2016, OpenSSL haikuwa na kufuli zake yenyewe; kufuli ni kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati mmoja. Ilimwachia mwandishi wa programu: uliza CRYPTO_num_locks unahitaji kufuli ngapi, zitengeneze, kisha uikabidhi maktaba fanksheni ya kuzifunga na kuzifungua kupitia CRYPTO_set_locking_callback. Usipofanya hivyo hakuna aliyekuonya. Programu ilikwenda vizuri wiki, mwezi, halafu siku ya msongamano ikaanguka mahali pasipo na uhusiano wowote na kosa lenyewe. Tangu 1.1.0 maktaba hutumia kufuli za mfumo wa kompyuta yenyewe, na zile fanksheni za zamani zimebaki majina matupu. Ukizikuta katika msimbo uliourithi, zinakubali kuitwa na hazifanyi kitu. Lakini kama mfumo huo bado unaendeshwa na 1.0.2, ambayo matengenezo yake ya wazi kwa wote yalikoma mwisho wa 2019, basi zina kazi kubwa, usizifute.

Baada ya hapo watu wakaanza kusema OpenSSL sasa ni salama kwa nyuzi nyingi. Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuumiza. Maktaba inalinda vyake: majedwali yake ya ndani, hesabu ya nani bado anashikilia kitu gani. Kile ulichokitengeneza wewe na kukigawia nyuzi zako, ulinzi wake ni juu yako.

SSL_CTX, kile kitu chenye mipangilio na vyeti, nyuzi zote zinaweza kukitumia, mradi umalize kukipanga kwanza ndipo uzianzishe. SSL, ambacho ni muunganisho mmoja na mteja mmoja, kishikwe na uzi mmoja kwa wakati mmoja. Hapa huwa napingwa. Mtu ananiambia: mimi uzi mmoja unasoma tu, mwingine unaandika tu, hawagusani. Kwenye soketi ya kawaida ungekuwa sawa. Kwenye TLS, yaani muunganisho uliosimbwa, sivyo. Upande wa pili ukiomba funguo zibadilishwe katikati ya mazungumzo, SSL_read yako inaweza kulazimika kuandika. Tena kila kifurushi cha TLS kina namba yake ya mfuatano, na katika TLS 1.3 namba hiyo ndiyo inayoingia kutengeneza nonsi ya usimbaji, yaani namba ya kutumika mara moja tu. Wavuvi wa Dunga hawahitaji kuelezwa hili: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Orodha ya makosa ya OpenSSL nayo ni ya kila uzi peke yake. Kosa likitokea kwenye uzi wa kazi, ukaenda kuuliza ERR_get_error kwenye uzi wa ripoti, utaambiwa hakuna kosa. Uliza palepale, na ita ERR_clear_error kabla ya kuanza shughuli mpya, kwa sababu uzi uliotumika na mteja aliyepita unaweza kuwa umebaki na makosa yake.

Sasa nonsi. Tafadhali hapa tutulie.

Hitilafu yangu ya Kibuye ilikuwa na kelele: ujumbe ulikataliwa, watu wakapiga simu. Hii ya nonsi haina kelele kabisa. AES-GCM, njia ya kusimba ujumbe na kuuthibitisha kwa pamoja, hutaka nonsi, namba ya biti 96 isiyorudiwa hata mara moja chini ya ufunguo uleule. Wengi huweka kihesabio na kuongeza moja kila ujumbe. Kuongeza moja ni hatua tatu: soma, jumlisha, andika. Nyuzi mbili zikisoma 500 kwa pamoja, zote zitatuma ujumbe wa 501. Ujumbe utafika, utafunguka, kila mtu atafurahi. Ila aliyekaa njiani akisikiliza anachukua zile mbili, anazipiga XOR, yaani anazilinganisha biti kwa biti, mkondo uliotokana na ufunguo unajifuta, na mkononi anabaki na XOR ya maneno yenyewe. Akijua moja amejua na nyingine. Zaidi ya hapo, anaweza kupata ufunguo wa ndani wa uthibitishaji na kuanza kughushi jumbe ambazo seva itazikubali.

Kihesabio kiwe cha atomiki, yaani zile hatua tatu zifanyike kama moja, au kila uzi upewe eneo lake: baiti 4 za kwanza ni namba ya uzi, 8 zinazofuata ni hesabu yake mwenyewe. Mimi napenda hii ya pili, hakuna anayemngoja mwenzake. Ukitumia nonsi za nasibu, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, imeweka kikomo cha jumbe 2 kwa kipeo cha 32 kwa ufunguo mmoja, bilioni 4 na ushee. Na ukiita fork, amri ya kuigawa programu inayoendelea iwe mzazi na mtoto, kumbuka mtoto anazaliwa na nakala ya kihesabio chako. Tangu 1.1.1 OpenSSL hushughulikia yenyewe namba zake za nasibu baada ya fork, lakini kihesabio ulichoandika wewe haikijui.

Dada aliye nyuma ameuliza: kwa nini nisiweke kufuli moja kubwa kuzunguka maktaba nzima, nilale usingizi? Swali zuri sana. Matokeo yatakuwa sahihi, ndiyo. Lakini SSL_read inaweza kusubiri mtandao huku imeshika kufuli hiyo, na simu moja yenye mtandao hafifu kule Mbita itawasimamisha wateja wote wa Kisumu. Gawanya vitu kwanza, kila uzi na chake. Kufuli iwekwe kwa kile tu kilichokataa kugawanyika.

Wanaoandika C, kompailini programu zenu kwa chaguo la -fsanitize=thread. Itakwenda polepole, mara tano hadi kumi na tano, lakini itawaonyesha mstari ambapo nyuzi mbili zimegongana. Fungueni kompyuta. Tunaanza na ile ya nyuzi nane, kitu cha static kikiwa ndani, na kila mmoja anihesabie sahihi mbovu alizopata.