Mheshimiwa Mwenye Nambari Kifuani

NEEMA: Anza na ile hadithi ya chai.

BARASA: Tayari tumeanza kurekodi?

NEEMA: Zamani. Wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Neema, mtoto wa Arusha niliyehamia Nairobi. Huyu ni kaka yangu Barasa, wa Kitale, na leo ni zamu yake kuchagua mada. Haya, chai.

BARASA: Basi ilikuwa Jumatatu, tarehe 16 Aprili 2012. Niko Kitale, kwenye hoteli moja karibu na steji. Na kwetu hoteli ni mahali pa chai na mandazi, wageni wasije wakadhani nimelala huko. Imegonga saa moja jioni, taarifa ya habari ya Kiswahili ndiyo inaanza, na hakuna hata mtu mmoja anayeitazama televisheni. Wote tumemzunguka jamaa mmoja mwenye simu sikioni. Ana ndugu yake Marekani anayetazama mbio za marathoni za Boston na kumtangazia. Yeye naye anatutangazia sisi. "Ameachwa." Kimya. "Ameachwa kabisa." Watu wanarudi kwenye vikombe vyao. Halafu, "Ngojeni. Anarudi."

NEEMA: Anayerudi ni nani?

BARASA: Wesley Korir, kijana wa Cherangany, hapo hapo kaunti yetu ya Trans Nzoia. Siku hiyo Boston kulikuwa na joto la kukaribia nyuzi 30, hadi waandaaji wakawaambia wakimbiaji wa kawaida kwamba anayetaka kuahirisha, ruksa, aje mwaka unaofuata. Bingwa mtetezi, Geoffrey Mutai, mtu aliyekuwa amekimbia njia ile ile kwa saa 2:03:02 mwaka mmoja kabla, alishikwa na maumivu ya tumbo akatoka. Korir yeye alikuwa na hesabu yake. Aliona hili si joto la kushindana nalo, akakazania maji. Kundi la mbele likamwacha, akaliacha liende.

NEEMA: Mimi ningeingiwa na hofu.

BARASA: Hotelini sote tuliingiwa na hofu! Lakini vile vilima vya Newton, wenyewe huko wana kimoja wanakiita kilima cha kuvunja moyo, ndivyo vilivyomrudishia watu mmoja mmoja. Kilomita za mwisho akamkuta Levy Matebo, akampita. Saa 2:12:40. Matebo wa pili, Bernard Kipyego wa tatu. Wakenya watatu, na upande wa wanawake Sharon Cherop akashinda. Dola 150,000, ambazo wakati ule ni zaidi ya milioni 12 za Kenya. Mwenye hoteli alisema chai ni bure, halafu asubuhi tukasikia alikuwa anatania.

NEEMA: Mlilipa?

BARASA: Nililipa. Mandazi mawili na chai.

NEEMA: Sawa, ameshinda Boston. Hao tunao wengi, Kenya mnawavuna kama mahindi. Kwa nini huyu?

BARASA: Kwa sababu miezi kumi na moja baadaye alikuwa mbunge. Na si mbunge aliyestaafu riadha kwanza. Mbunge anayekimbia. Lakini dada, huwezi kuielewa siasa yake bila kurudi Chicago, 2008.

NEEMA: Haya, turudi.

BARASA: Korir alikwenda Marekani kusoma. Akaanza chuo cha Murray State, Kentucky, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Louisville, akasoma biolojia na kukimbia. Alipomaliza, chuo kikampa kazi. Unajua kazi gani? Matengenezo. Mitambo ikiharibika, anaitwa. Anakimbia asubuhi, mchana anashika bisibisi. Oktoba 2008 anajiandikisha marathoni yake ya kwanza, Chicago. Sasa zile mbio kubwa zina utaratibu wake, magwiji wanapewa mstari wao mbele na wanaachiwa kwanza. Korir hana jina. Akawekwa na umma, dakika tano nyuma yao.

NEEMA: Dakika tano ni kilomita moja na zaidi kwa watu wale.

BARASA: Zaidi ya kilomita moja na nusu. Hana wa kushindana naye, hamwoni hata anayemfukuza. Anakimbia na watu waliovaa mavazi ya katuni. Saa zilipohesabiwa, alikuwa wa nne kati ya wote. 2:13:53. Fundi wa matengenezo!

NEEMA: Subiri, wa nne pamoja na magwiji?

BARASA: Pamoja nao. Mei mwaka uliofuata akashinda Los Angeles kwa 2:08:24, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. 2010 akarudi akashinda tena. Na 2012 hiyo hiyo, baada ya Boston, akaenda Chicago akakimbia 2:06:13, muda wake bora kabisa, na akawa wa tano tu. Hizo ndizo marathoni zetu, muda wa maisha yako yote unakupa nafasi ya tano. Na ushindi wa Boston haukumpa hata tiketi ya Olimpiki ya London.

NEEMA: Sasa siasa inaingia wapi? Mtu ana mke, ana kazi ya miguu, yuko ng'ambo...

BARASA: Mke wake, Tarah, ni Mkanada, naye mkimbiaji. Pamoja walianzisha wakfu wa kusaidia watoto wa kule nyumbani, mambo ya karo na afya. Na kuna jambo ambalo yeye mwenyewe amelieleza mara nyingi, kwamba Desemba 2007, wakati wa uchaguzi mkuu, alikuwa nyumbani. Unajua Trans Nzoia ilivyokuwa baada ya uchaguzi ule. Mimi sitaki kulieleza sana, nina watu wangu pale. Nitasema tu kwamba ukiwa umeona majirani wakichomeana nyumba, kisha ukapanda ndege ukarudi kutengeneza mitambo Kentucky, akili haikai.

NEEMA: Pole.

BARASA: Tumeshapoa. Ikaja 2013. Uchaguzi wa kwanza chini ya katiba ya 2010. Na katiba ile, kifungu cha 85, inamruhusu mtu kugombea bila chama, mradi hajawa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mgombea huru.

NEEMA: Kwetu Tanzania tunasema mgombea binafsi. Yaani tunalisema tu, kwa sababu hayupo! Hapo nikuingilie kidogo, maana hili linanihusu. Mwaka huo huo wa 2013, mwezi wa Juni, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Mahakama yenyewe iko Arusha, nimepita mbele yake mara sijui ngapi kwenda kununua vitenge. Ikasema Tanzania kumlazimisha mtu awe na chama ndipo agombee ni kuvunja haki zake. Mtikila alikuwa amepigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya tisini.

BARASA: Kumbe ni mwaka mmoja.

NEEMA: Mwaka mmoja! Nyinyi mnamwingiza mkimbiaji bungeni bila chama mwezi wa Machi, sisi tunaambiwa na mahakama mwezi wa Juni kwamba ilipaswa iwezekane. Endelea, nimemaliza kulalamika.

BARASA: Hujamaliza, nakujua. Basi, tarehe 4 Machi 2013, Cherangany, mbunge aliyekuwapo ni Joshua Kutuny. Mtu wa maneno, mtu wa jukwaa, anayejua siasa ya Bonde la Ufa nje ndani. Na wakati ule kule kwetu wimbi la vyama lilikuwa kama mafuriko, ukisimama nje ya chama kinachovuma watu wanakuonea huruma. Korir akasimama nje, akashinda. Waliopita bila chama katika Bunge la Taifa mwaka ule unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kinabaki.

NEEMA: Ndiyo maana ukanirudisha Chicago.

BARASA: Ndiyo maana. Ameachiwa nyuma ya mstari wa wakubwa, hana kundi la kumkinga upepo.

NEEMA: Lakini sasa nina swali, na usinipe jibu la mtu wa Kitale. Mtu amechaguliwa Machi. Aprili 15 yuko wapi?

BARASA: Boston.

NEEMA: Ehe!

BARASA: Anatetea taji. Akamaliza wa tano, 2:12:30. Na hiyo ndiyo siku ya mabomu, yalilipuka pale kwenye utepe saa chache baada ya wakimbiaji wa mbele kumaliza. Watu watatu walikufa. Hotelini siku hiyo hakuna aliyetania habari za chai.

NEEMA: Hilo ni zito na siligusi. Ila swali langu liko pale pale. Mimi nikiwa mpiga kura wa Cherangany, nimepanga foleni tangu alfajiri, barabara yangu ya Sitatunga ni tope, mahindi yangu hayana bei, mbolea imechelewa. Mheshimiwa wangu namwona kwenye televisheni na kaptula, ana nambari kifuani.

BARASA: Na mheshimiwa mwingine mwenye kampuni ya mawakili mjini, umewahi kumwona kwenye televisheni akiandika mkataba?

NEEMA: Hapana.

BARASA: Mwenye hoteli, namaanisha hoteli ya kulala? Mwenye malori? Mwenye mashamba ya chai? Hao wote wana kazi ya pili, na hakuna anayeuliza saa ngapi wanaifanya. Mkimbiaji kosa lake ni moja, kazi yake ya pili inaonyeshwa dunia nzima, na ina saa juu yake. Akipunguza tizi, wanaona. Akinenepa kwa vikao vya kamati, wanaona. Niambie mbunge gani mwingine ungeweza kumpima hivyo kwa sekunde.

NEEMA: Hoja nzuri, lakini hujajibu barabara ya Sitatunga.

BARASA: Barabara ya Sitatunga sijibu, nina shangazi kule na atasikiliza kipindi hiki.

NEEMA: [anacheka] Shikamoo shangazi.

BARASA: Ila fikiria ratiba. Marathoni ya kiwango kile inataka kilomita 160, 180, 200 kwa wiki, na inataka usingizi wa mchana. Mbunge wa Kenya mchana halali. Asubuhi kabla hujavaa viatu kuna watu langoni. Huyu ana barua ya karo, yule ana maiti mochari bili haijalipwa, wale wametumwa na harambee ya kanisa. Halafu Jumanne uko bungeni Nairobi. Pamoja na hayo, 2015 akawa wa tano Boston, na 2016 wa nne. Mimi nashindwa kukimbia kilomita tano nikiwa sina hata paka.

NEEMA: Hakuwa peke yake lakini. Kwenye bunge lile lile kulikuwa na Elijah Lagat.

BARASA: Mbunge wa Chesumei, kule Nandi! Asante. Bingwa wa Boston wa 2000. Alikata utepe kwa 2:09:47, na Gezahegne Abera wa Ethiopia akapewa muda ule ule, 2:09:47, hivyo unaona walivyobanana. Na Lagat, sikiliza hii, alianza kukimbia ukubwani kwa sababu daktari alimwambia apunguze uzito.

NEEMA: Wewe daktari alikwambia nini mwaka jana?

BARASA: Tuendelee. Novemba 2015 nadhani ndiyo nafasi ambayo Korir aliunganisha zile kazi mbili vizuri kuliko wakati wowote. Alikuwa anaongoza chama cha wanariadha wa kulipwa. Wanariadha wakaja Nairobi, wakafunga milango ya Riadha House, ofisi za shirikisho lenyewe la riadha la Kenya, wakalala pale. Walikuwa wakidai maelezo ya pesa za udhamini, na walitaka viongozi waliotuhumiwa wakae kando. Mwisho wa mwezi huo, kamati ya maadili ya shirikisho la dunia ikawasimamisha maafisa watatu wa Kenya kusubiri uchunguzi.

NEEMA: Na mheshimiwa yuko langoni na wenzake.

BARASA: Yuko nao. Mtu wa riadha aliyewahi kutenganishwa na magwiji kwa dakika tano, sasa ana kiti bungeni na anajua namna ya kusoma bajeti. Hapo kazi ya kwanza na ya pili zilikuwa kazi moja.

NEEMA: Kisha Rio.

BARASA: Kisha Rio. Tarehe 21 Agosti 2016, Kenya inapeleka watatu marathoni, Eliud Kipchoge, Stanley Biwott na mbunge wa Cherangany. Mbunge aliyeko madarakani, ndani ya Olimpiki, si kwenye viti vya wageni waalikwa na beji shingoni. Kipchoge akachukua dhahabu. Wengine wawili hawakumaliza.

NEEMA: Hawakumaliza wote wawili?

BARASA: Wote. Mwaka uliofuata, Agosti 2017, Cherangany ikamrudisha Kutuny.

NEEMA: Yule yule.

BARASA: Yule yule. Muhula mmoja, basi. Niliuliza pale kwenye hoteli yangu ya chai ni kwa nini, nikapewa majibu saba na watu sita.

NEEMA: La shangazi lilikuwa lipi?

BARASA: Shangazi alisema kura ni siri.

NEEMA: Wiki ijayo ni zamu yangu, wasikilizaji, na nakuja na Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, na ile siku ya Christchurch, 1974. Barasa, njoo umekunywa chai, hapa studio hatuna.