Alama za Mtaroni: Michezo ya Vijana na Afya katika Mitaa ya Mbeya

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa mitaa, makocha na vijana wenzangu,

Kila anayefuatilia mechi za mchangani katika jiji letu anajua jinsi elimu ya afya inavyotolewa: mhudumu wa afya hukabidhiwa kipaza sauti wakati wa mapumziko, baada ya mgeni rasmi kumaliza muda wote, na hapo watazamaji wameshatawanyika kununua karanga na miwa. Bonanza likiisha, ripoti husema vijana wameelimishwa. Mimi naona hawajaelimishwa, wametangaziwa tu.

Wenzetu wa Mathare, Nairobi, walianza mwaka 1987 kwa njia nyingine. Chama chao cha michezo, MYSA, kiliingiza usafi wa mtaa ndani ya kanuni za ligi yenyewe, hivi kwamba timu inayomaliza kazi ya kuzoa taka na kuzibua mitaro hupewa alama 6, zinazoandikwa kwenye msimamo uleule unaoandikwa ushindi. Uzito wa jambo hili uko hapo: mshambuliaji hodari asiyeshika koleo anaweza kuikosesha timu yake ubingwa, na wenzake ndio watakaomfuata nyumbani Jumamosi asubuhi, si bwana afya. Wasichana waliingizwa katika ligi baadaye, elimu ya UKIMWI ikafuata, na wachezaji wenyewe wakafunzwa kuwa waelimishaji. Timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Kwetu sababu za kuiga haziko mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakizidi asilimia 11 Njombe na Iringa, na asilimia 9 hapa Mbeya, ilhali wastani wa nchi ulikuwa takriban asilimia 5. Barabara kuu iendayo Tunduma, mpakani na Zambia, inapita katikati ya mitaa yetu, pamoja na malori na nyumba zake za wageni. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi; lakini ni timu ngapi zimewaeleza wachezaji wao hivyo?

Tahadhari moja: upimaji usipewe alama kamwe, kwa maana kijana atakayesita ataonekana ana la kuficha. Alama zitolewe kwa mahudhurio ya mafunzo na kwa mitaro. Mazoezi ya wasichana nayo yaanze mapema, kwani jioni ndiyo saa ya kuchota maji na kupika, na giza likiingia mzazi hamruhusu binti yake. Karatasi ya usafi isainiwe na mwenyekiti wa mtaa, ikaguliwe na timu pinzani, maana mamluki tunawajua uwanjani na hata mtaroni watakodiwa.

Mvua zetu huanza Novemba. Basi ligi ipangwe ianze Septemba, na mitaro itangulie mechi ya kwanza.