Lokesheni ya mnyama adimu si ya kuposti

Jamani, naanza na yule mjusi. Nimeshamsema sana, lakini watu bado wanaposti lokesheni, kwa hiyo leo namsema tena. Mwaka 1999 wanasayansi walitangaza spishi mpya, Goniurosaurus luii, mjusi wa kwenye milima ya chokaa kusini mwa China na kaskazini mwa Vietnam, na kama ilivyo kawaida ya kazi yao wakaandika na mahali walipompata. Sasa ile makala haikusomwa na wasomi peke yao, wanaouza wanyama wa kufuga nao waliisoma, wakafuata maelekezo mpaka pale pale, wakakamata wee mpaka mjusi akaisha eneo lile. Hawakuhangaika kutafuta, walishatafutiwa! Na kobe wa shingo ndefu wa kisiwa cha Rote, Indonesia, aliyepewa jina la kisayansi 1994, biashara ilimfuata hivyo hivyo, leo porini ni kama hayupo.

Najua kuna anayesema moyoni, sayansi ni uwazi, tukificha kesho watachimba mgodi pale na hakuna atakayejua kulikuwa na kiumbe. Hiyo hoja ina uzito, siikatai. Lakini anayeamua mgodi uchimbwe wapi si sawa na kila mwenye simu, yule apewe data kamili, aiombe, ajulikane ni nani. Mwaka 2015 spishi mbili nyingine za mijusi wa jamii ile ile zilitangazwa China na walioandika wakakataa kutaja mahali, taarifa wakazipeleka serikalini, na mwanasayansi mwenzao akitaka anaomba. Spishi zikatambuliwa, sayansi ikaendelea, kuna kilichoharibika hapo?

Programu ya iNaturalist, ambako watu wanaposti picha za wanyama na mimea waliyoiona, nayo inaficha lokesheni ya spishi zilizo hatarini, badala ya nukta halisi kwenye ramani unaoneshwa nukta ya kubahatisha ndani ya boksi ambalo kila upande kwenye ikweta ni kama kilomita 22. Vizuri kabisa, halafu mtu anakuja kuandika chini ya picha jina la kijito na mti aliposimama. Hapo nakasirika kweli, maana mfumo umemlinda mnyama na wewe umemuuza kwa sentensi moja.

Kola za GPS, zile anazovalishwa mnyama shingoni zikawa zinatuma alipo, sina muda nazo, niseme tu kwamba 2013 kule hifadhi ya Panna, India, kuna mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe inayopokea data za kola ya simbamarara, mfumo ukamzuia. Kwa hiyo nywila pia ni ulinzi wa wanyamapori.

Na simu zenu, picha inabeba lokesheni ndani ya faili lenyewe hata usipoandika neno. Izime kwenye mipangilio ya kamera kabla hujaingia hifadhini, na kwenye picha ulizokwisha piga ifute hiyo lokesheni kabla hujatuma popote, hata kwenye grupu la familia, maana grupuni picha inafowadiwa usiku huo huo na hujui inaishia kwa nani.