Mwekundu kwenye mwili wa Dhahabu: tumesoma Red Rising

NEEMA: Haya karibuni tena jamani, leo tuko Sakina, hapa Arusha, kwa Eli, na hiyo kelele mnayoisikia ni mvua kwenye bati, msianze kulalamika ooh sauti, masika ni masika.

ELI: Mi nlisema tusubiri ikate.

NEEMA: Ikate lini, Juni? Mi ni Neema, huyu ni Eli, kitabu cha leo kachagua yeye kwa hiyo lawama zote ziende kwake. Anza kaka.

ELI: Red Rising, ya Mmarekani anaitwa Pierce Brown, ilitoka 2014, ya pili yake ikatoka 2015, ya tatu 2016, alafu jamaa akaona bado ana maneno akaendelea. Kwa ambaye hajasoma, binadamu wameshahamia kwenye sayari nyingine na jamii nzima imepangwa kwa rangi, ziko rangi 14, juu kabisa Dhahabu, chini kabisa Wekundu, hapo katikati una Fedha ambao ni watu wa hela, Shaba watu wa mafaili na mihuri, Bluu wanaendesha vyombo vya angani, Njano madaktari, Kijivu maaskari, unazaliwa na rangi yako na kazi yako na ndo utakufa nayo. Na mikononi una alama ya rangi yako, sasa hapo utajificha wapi.

NEEMA: Alafu watu wasichanganye, siyo rangi ya ngozi kama tunavyoijua sisi. Wametengenezwa, kizazi na kizazi, mifupa ya Dhahabu ni mingine, macho mengine. Mwenyewe kurasa za mwanzo nlikuwa nasoma nikifikiri ni ubaguzi ule ule wa kila siku, kumbe jamaa wamechezea mpaka mbegu.

ELI: Na tunaonya, tutasimulia mambo ya ndani. Kama hutaki kuharibiwa uhondo, zima, rudi ukishasoma.

NEEMA: Asizime mtu! Kitabu hiki hata ukisimuliwa bado kinakushika.

ELI: Sawa. Darrow ana miaka 16, ana mke tayari anaitwa Eo, wanaishi chini ya ardhi ya Mars, Mirihi ile ya kwenye vitabu vya sayansi shuleni. Kazi yake kuchimba heliamu-3. Na siyo ile heliamu tuliyosikia imegunduliwa Rukwa 2016, hii ni aina nyingine, hapa duniani ni adimu sana. Sasa Wekundu wameambiwa nini, wameambiwa nyie ndo watangulizi, mnachimba ili Mars ije ikalike na binadamu, mnateseka leo kwa ajili ya vizazi vijavyo, nyie mashujaa. Na wanaamini. Wanaimba, wanacheza ngoma, wanakufa kwa gesi na kwa nyoka wa humo humo shimoni, na wanajisikia fahari kabisa.

NEEMA: Na huko juu?

ELI: Huko juu Mars ilishakalika siku nyingi! Kuna miji, kuna miti, kuna watu wanakunywa mvinyo. Tangu enzi za mababu zao. Hakuna wanachokitangulia. Nlipofika hapo nikafunga kitabu nikatoka nje nikasimama tu hapo barazani.

NEEMA: Mi naona hapo ndo moyo wa kitabu ulipo, mapigano yote yanayokuja baadaye sijui mapanga sijui nini, hayafiki hapo. Kwa sababu maaskari pale chini ni wachache. Kinachowashikilia wale watu wote ni yale maneno, kwamba jasho lako lina maana.

ELI: Sasa ngoja nkwambie kwa nini kimenigusa. Mjomba wangu alikuwa mwanaapolo, Mirerani, kabla ya ule ukuta wa kilomita 24 waliouzungushia migodi 2018, zamani kidogo. Na hilo jina lenyewe, wachimbaji wa tanzanite kuitwa wanaapolo, wenyewe wanakwambia limetokana na kile chombo cha Apollo kilichoenda mwezini, wao wanasema safari yao ni ile ile ila wanaelekea chini. Yaani riwaya ya anga za juu ilishaandikwa hapo Simanjiro, ni kilomita chache tu kutoka uwanja wa ndege wa KIA.

NEEMA: Hiyo nimeipenda.

ELI: Mjomba alikuwa anakuja Krismasi, anaoga, anajisugua, anavaa shati jeupe, anakaa sebuleni na sisi. Baada ya nusu saa anajifuta shingo na leso, leso inatoka nyeusi, lakini siyo nyeusi ya mkaa, inang'aa, kama risasi ya penseli. Kinywe hicho. Mashimo ya kule yana kinywe tupu, kinaingia kwenye ngozi hakitoki, masikioni, kwenye kucha. Sisi watoto tulikuwa tunaichukua ile leso tunaipeleka juani tuone inavyometameta. Mama anatufukuza.

NEEMA: Na mshahara?

ELI: Mshahara gani? Kwenye shimo lao walikuwa wanalishwa, wanapewa posho kidogo, mgodi ukitoa ndo mnagawana na tajiri. Usipotoa mnasubiri. Kasubiri miaka sita. Na ukimwuliza kwa nini hurudi kulima, anakwambia, tumekaribia, mwamba umebadilika rangi, wiki mbili hizi. Kila Krismasi wiki mbili hizi.

NEEMA: Ila hapo tuwe wakweli Eli. Mirerani watu wanapata kweli. Yule mzee Saniniu Laizer 2020, mawe mawili, moja kilo 9 na ushee, la pili kilo 5, akalipwa shilingi bilioni 7 na zaidi. Haikuwa uongo, tumemwona kwenye taarifa ya habari. Kwa Darrow ni uongo kuanzia juu mpaka chini.

ELI: Ni kweli, nakubali. Lakini kumbuka ile zawadi ya kwenye kitabu, Laurel. Kila mara koo zinashindanishwa, atakayechimba zaidi anapewa chakula cha ziada na vitu vizuri vizuri. Na ukoo wa Gamma ndo wanashinda, kila siku Gamma. Darrow anahatarisha roho yake, anapiga hesabu, anajua kabisa safari hii sisi ndo tumeongoza, na zawadi inapelekwa wapi?

NEEMA: Gamma.

ELI: Gamma! Kwa hiyo Wekundu wanamchukia nani? Wanawachukia Gamma, majirani zao, wanaokula sukari. Aliyegawa ile sukari hata hawamfikirii. Hiyo, dada, hata bila Mars naijua.

NEEMA: (anacheka) Usitaje mtaa.

ELI: Sitaji.

NEEMA: Sasa mi nna ugomvi na hiki kitabu na nauleta hapa hapa. Eo. Huyu dada ndo wa kwanza kuona kwamba wanaishi utumwani. Mume wake anataka Laurel, yeye anataka uhuru. Anachapwa viboko hadharani, anaimba wimbo uliokatazwa mbele ya gavana wa Mars akijua kabisa adhabu yake ni kitanzi, anaimba. Wanamnyonga. Tena kule mvuto ni mdogo, kama theluthi moja hivi na kidogo ya huku kwetu, mtu wa kilo 70 anakuwa kama wa kilo 27, kwa hiyo kamba peke yake haimalizi, anabaki ananing'inia anahangaika, na sheria yao inaruhusu ndugu waende wakamvute miguu ili shingo ivunjike.

ELI: Anaenda Darrow.

NEEMA: Anaenda mume wake anavuta. Nimesoma ule ukurasa kwenye daladala ya Kijenge nikapitiliza kituo. Vizuri sana, ameandika vizuri. Lakini baada ya hapo Eo anakuwa nini? Anakuwa kumbukumbu. Mwenye wazo kafa mapema, mwenye misuli ndo kabeba vitabu vyote vilivyobaki. Kwa nini isingekuwa kinyume, afe Darrow, Eo ndo abaki tuone atafanya nini?

ELI: Si ingekuwa hadithi nyingine?

NEEMA: Ningeinunua hiyo.

ELI: Lakini angalia, wazo halikufa. Wimbo unasambaa, watu wanausikia...

NEEMA: Unasambazwa na nani? Wana wa Ares, wale waasi wa chinichini. Wanautumia. Hata kifo chake kimekuwa malighafi bwana. Haya, tuendelee, nisije nikakasirika kabla ya chai.

ELI: Naye Darrow wanamnyonga, anaokolewa kiujanja, Wana wa Ares wanamchukua, wanampeleka kwa fundi mmoja anaitwa Mickey anamchonga upya. Mifupa, macho, nywele, zile alama nyekundu za mikononi zinaondolewa zinawekwa za dhahabu. Ili aingie kwenye chuo cha Dhahabu, awe mmoja wao, apande mpaka juu aje abomoe akiwa ndani. Na mtihani wa kwanza pale chuoni wanafungiwa wawiliwawili chumbani, anatoka mmoja. Yeye anamuua kijana mpole tu, Julian, ambaye hajamkosea chochote. Alafu kaka yake Julian ndo anakuja kuwa rafiki yake kipenzi.

NEEMA: Hilo nalo linanisumbua. Ili Mwekundu awe shujaa ilibidi kwanza aache kuwa Mwekundu. Mfupi hawezi, mwenye mikono ya kuchimba hawezi, mpaka arefushwe, apendezeshwe. Ujumbe gani huo?

ELI: Si ndo ujanja wenyewe? Wanasema wao ni bora kwa damu, kumbe damu yenyewe inachongeka kwa fundi ndani ya miezi. Ndo kashfa yao hiyo!

NEEMA: Unajua, bibi yangu mzaa mama anatoka upande wa Longido, na kwao ni wafua chuma. Ilkunono. Wamaasai wanaojua wanaelewa nikisema hivyo. Huoi kwao, hawaolewi kwako. Mikuki yote, sime zote zinatoka kwa hao watu, moran hana silaha bila wao, lakini akija kuchukua sime anapaka mafuta mikononi kwanza ndo aishike. Bibi alikuwa anatuonyesha hivi, anachukua mafuta ya kupikia anajipaka viganja taratibu, alafu anaokota kisu cha jikoni kama anaokota kitu kilichodondoka chooni. Anacheka yeye. Sisi hatukujua ni cha kucheka au vipi.

ELI: Aisee. Kwetu Uchagani mfua chuma anaogopwa, nyundo yake ikitumika kukulaani umekwisha, hakuna anayetaka ugomvi naye. Lakini hiyo ya mafuta...

NEEMA: Ndo maana nlivyofika kwa Mickey nikasema, hee, wanampaka mafuta huyu. Wanamtaka, wanahitaji mikono yake, ila wanaipaka kwanza. Na anayempaka siyo adui, ni watu wa upande wake mwenyewe.

ELI: Sasa umeniharibia.

NEEMA: Pole.

ELI: Hapana kweli, mi nlikuwa nimekuja na hoja yangu nzuri kuhusu Kusadikika hapa.

NEEMA: Tupe tu, tutaibeba.

ELI: Kusadikika, Shaaban Robert, 1951, wengi mlisoma shuleni mkachukia kwa sababu ya mtihani. Nchi inaelea angani, hiyo si sayansi ya kubuni hiyo? Na Karama anashtakiwa kwa sababu anafundisha watu sheria, na silaha yake mahakamani ni maneno tu, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo mema, wakaadhibiwa. Habadilishwi mwili, hajifichi. Anasimama na sura yake ile ile mbele ya mfalme. Nlitaka kusema Darrow ni mkali zaidi, sasa sijui tena.

NEEMA: Karama alibaki na mikono yake.

ELI: Ndo hivyo. Lakini Karama alikuwa na mahakama ya kumsikiliza, Eo aliimba akapewa kamba. Hilo usilisahau unapomlaumu Darrow.

NEEMA: Silisahau. Simlaumu Darrow hata, namlaumu mwandishi.

ELI: Utasoma cha pili au husomi?

NEEMA: Nimeshaanza, niko ukurasa wa 80, usiniulize. Mjomba wako aliishia wapi?

ELI: Yuko Himo, ana duka la pembejeo. Nlimpigia juzi nikamsimulia hiki kitabu chote, hadi lile la Mars kuwa na miji. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Alafu ananiuliza, hao Gamma, walijua?

NEEMA: Ukamjibu nini?

ELI: Nikamwambia nikimaliza cha pili ntampigia.

NEEMA: Umeme huo umekatika, kompyuta ina asilimia 9, tuwaage watu.