Cheti gani kitakufanya msimamizi wa kanzidata?

Habari zenu, ndugu watazamaji. Kuna swali ambalo halikosi kwenye maoni kila nikipandisha video, hata kama video yenyewe ilihusu jambo jingine kabisa: "Kaka, nisomee cheti gani ili niwe msimamizi wa kanzidata kama wewe?" Nimelikwepa kwa muda mrefu, kwa kuwa nikisema kazi hii inalipa nitaambiwa najishaua, na nikisema ina karaha zake nitaambiwa sina shukrani. Leo nalijibu, na mwenye kunilaumu anilaumu nikiwa nimekwisha kusema.

Sitaeleza kanzidata ni nini zaidi ya kusema ni ghala la data kwenye kompyuta, maana wengi mnaoniuliza mnaandika SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, vizuri kuliko nilivyoiandika mimi siku naajiriwa. Msingi wa kanzidata za majedwali ni makala ambayo Edgar Codd aliichapisha mwaka 1970 akiwa IBM, na PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata hizo, hupakuliwa bure pamoja na mwongozo wake mzima. Hata hivyo bado tunaamini kwamba ujuzi wa kazi hii umefungiwa ndani ya karatasi ya kulipia.

Mimi nililipa, tena kutoka mfukoni mwangu. Siku ya mtihani niligeuzwa mlangoni kwa sababu pasipoti yangu ina majina matatu, ilhali fomu ya kujiandikisha ilikuwa na nafasi ya mawili tu. Ada haikurudishwa. Nililipa mara ya pili, nikafaulu, kisha mwajiri akakataa kunirudishia fedha kwa kuwa jina la kwenye risiti halikulingana na lile la orodha ya mishahara. Mtanisamehe nikilirefusha hili, lakini mtu aliyebuni jedwali la fomu ile, akaamua kwamba kila binadamu ana jina la kwanza na la mwisho basi, alinigharimu zaidi ya kosa lolote nililowahi kufanya kazini.

Na makosa nimefanya. Mwezi wangu wa pili nilitaka kurekebisha anwani ya mteja mmoja, nikaandika UPDATE, amri ya kubadilisha data, nikasahau sharti la WHERE linalotaja ni nani abadilishwe, na sikuwa nimeanza na BEGIN ambayo ingeniruhusu kughairi. Nilitarajia skrini inijibu 1, yaani mteja mmoja amebadilishwa. Ikanijibu UPDATE 48213. Wateja wote wakawa wanaishi nyumba moja. Mkuu wangu hakupaza sauti, wala hakuuliza nakala rudufu ya mwisho ilichukuliwa lini. Aliuliza ni lini mtu alijaribu kuirejesha, na chumba kizima kikanyamaza. Nakala za kila usiku tulikuwa nazo, ila hakuna aliyewahi kuzijaribu. Tulihangaika hadi alfajiri, ikakubali, na nasema wazi kuwa ilikuwa bahati.

GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, hawakuwa na bahati kama hiyo mnamo Januari 2017, pale mhandisi aliyekuwa akipambana usiku na seva ya akiba alipofuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Walipozitafuta nakala za pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala rudufu, hawakuzikuta, kwani programu ya toleo la 9.2 ilikuwa ikijaribu kunakili kanzidata ya 9.6 na kushindwa, huku barua pepe za kuwaonya zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya diski iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, na data ya saa hizo ikapotea.

Kwa hiyo, ningekuwa wewe, ningeweka PostgreSQL kwenye kompyuta yangu, niijaze data ya kubuni, nifute faili zake kwa makusudi, kisha nishike saa nione nitairejesha kwa dakika ngapi, na nirudie mpaka mikono iache kutetemeka. Katika usaili wa kazi niliyo nayo sasa waliniuliza hayo hayo, na cheti hawakukifungua. Lakini hayo ni yangu mimi, niliyekuwa tayari na kazi. Wapo ninaowafahamu ambao bila cheti wasingeitwa hata kwenye usaili, hivyo siwezi kukuambia usilipe.

Changu ninacho hadi leo. Majina yamepinduliwa, la ukoo limekaa mbele. Nimeomba wayarekebishe mara tatu, nami najua fika kwamba ni amri moja ya UPDATE, safari hii ikiwa na WHERE yake. Jibu la mwisho lilisema kuwa mfumo hauruhusu.