Mkanda wa feni wa lori: kupima na kukaza bila kuvunja alternata

Karibuni tena, wenzangu wa malori. Tuko Kirinyaga Road na leo ni mkanda wa feni. Lori ni Isuzu FRR, lakini Canter yenye mkanda wa V kazi ni ile ile. Kama wako ni mkanda mpana wa mistari wenye springi ya kujikaza, usikaze kitu. Ukilegea huo, springi au mkanda umechoka.

Injini imezimwa na imepoa, magurudumu yana mawe, kabini iko juu na chuma chake kimefungwa, waya wa hasi wa betri umetolewa. Twende.

Pindua mkanda uangalie mbavu. Ziking'aa kama kioo, umeteleza sana na hata ukikazwa hautashika. Ukiwa na nyufa au oili, badilisha. Mkanda wa V hushika kwa mbavu, si kwa tumbo, kwa hivyo mfereji wa puli ukiwa unang'aa chini kabisa, jueni mkanda umezama. Ikiwa ni miwili inayokaa pamoja, badilisha yote, la sivyo mpya utabeba kazi peke yake.

Sasa kipimo. Chagua nafasi ndefu zaidi kati ya puli mbili, laza rula kutoka puli hadi puli, kisha bonyeza katikati kwa nguvu ya kilo 10. Mimi napenda mizani ya ndoano, kwa sababu kidole gumba cha kila mtu kina nguvu zake. Kwa kawaida mkanda ushuke milimita 10 hadi 12, ila kitabu cha injini yako kikitaja kipimo kingine, fuata hicho. Huu... sogeza taa, kuna kivuli... unashuka 20! Ndio maana unalia asubuhi, na lori linachemka likipanda na mzigo kutoka Mai Mahiu.

Hapa sikizeni. Legeza bolti ndefu ya chini, ile alternata (mashine ya kuchaji betri) inazungukia, KABLA ya kugusa bolti ya kuvutia, ile inayosogeza alternata ili mkanda ukaze. Ya chini kwanza! Halafu ile ya kufungia, kwenye mkono wa juu. Ukisahau ya chini unavuta kitu kilichofungwa: meno ya bolti ya kuvutia yanaisha, au sikio la alternata linapasuka, maana ni aluminiamu. Umelegeza ya chini? Haya, sasa vuta, robo mzunguko, pima, robo tena.

Ngoja, ngoja. Leta kamera hapa. Puli ya pampu ya maji inacheza, na chini ya kitundu cha pampu kuna alama ya maji ya radieta. Bearingi imekwisha. Pampu hii itabadilishwa leo kabla lori halijatoka. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huua bearingi hivi hivi, ya pampu na ya alternata.

Namalizia muone mpangilio: funga bolti ya juu, kisha ya chini, kisha PIMA TENA, kwa sababu kufunga huisogeza alternata. Mkanda mpya uache injini izunguke dakika 15, zima, ipoe, upime upya. Ukilia, usiupulizie dawa, tafuta sababu.

Mikanda tunauza hapa. Njoo na ule wa zamani wenyewe, namba iko mgongoni. Kupima kwa kamba hukosea.